Saa Nane Usiku Iliyosomwa Saa Mbili

Karatasi niliyowekewa mezani ilikuwa na mstari mmoja uliozungushiwa wino mwekundu: 02:11 UMEME UMEKATIKA. Kando yake lilikuwapo daftari la zamu, limefunguliwa kwenye ukurasa wa usiku ule, na kwa mwandiko wa kijana wa zamu palisomeka: “Jenereta nimewasha saa 8:26 usiku.” Mwenyekiti wa kamati aliweka kidole kwenye mstari mwekundu, kisha akakipeleka taratibu kwenye daftari.

“Fundi, hesabu yenyewe ndogo. Umeme umekatika saa mbili na dakika kumi na moja. Jenereta imewaka saa nane na dakika ishirini na sita. Zaidi ya saa sita maziwa ya watu yamekaa bila baridi, na mwenye zamu alikuwa hapa hapa.”

Hiki kilikuwa kituo cha kukusanyia maziwa mkoani Tanga, chenye tangi moja la kupozea. Wafugaji huleta maziwa asubuhi na jioni, yanapozwa mpaka karibu nyuzi 4, na gari huja kuyachukua kukicha. Asubuhi ile mpimaji alichanganya maziwa na alkoholi kwenye kibakuli, kama kawaida, na yakaganda madonge. Tangi zima likakataliwa. Kijana wa zamu alikuwa ameshasimamishwa kazi kabla sijafika. Mimi niliitwa kuja kuthibitisha kwamba mashine haikosei.

Mashine ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeifunga miezi michache nyuma: bodi ndogo ya STM32F103, ile ya buluu inayouzwa bei rahisi, kihisi joto kimoja kilichozamishwa kwenye mfuko wa chini ya tangi, optokapla ya kuangalia kama umeme wa gridi upo, kadi ya kumbukumbu, na betri ndogo ya volti 12 ili kifaa kisizimike umeme ukikatika. Kazi yake ilikuwa kuandika nini kimetokea na saa ngapi. Nilichagua bodi ile kwa sababu ina saa ndani ya maikrokontrola yenyewe, yaani chipu inayoendesha kifaa, na nikaona nimeokoa fedha ya kununua saa ya pembeni.

Nikamjibu mzee kwa kujiamini kwamba saa ya mashine iko sawa. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma. Akasema, “Kaka, saa mbili usiku mimi nilikuwa napokea maziwa ya mwisho. Taa zilikuwa zinawaka.” Hakuna aliyemjibu, maana aliyesema kinyume chake ni mashine, na mashine haina undugu na mtu wala haina usingizi.

Ndipo nikaitazama tena ile karatasi. 02:11. Nikaisoma kama nilivyoiandika mimi kwenye programu, kwa mtindo wa saa 24. Saa nane na dakika kumi na moja usiku. Kijana alikuwa amewasha jenereta dakika kumi na tano baada ya umeme kukatika, na katika dakika hizo aliamka, akatoka nje na tochi, akatia mafuta na kugeuza swichi. Kamati ilikuwa imechukua saa ya umeme kutoka kwenye mashine, inayohesabu kuanzia usiku wa manane, na saa ya jenereta kutoka kwenye daftari, linalohesabu kama tunavyohesabu sote tangu utoto. Tofauti ya saa sita iliyomfanya kijana asimamishwe kazi ilikuwa tofauti ya hesabu mbili za saa.

Mtu atauliza, mbona hawakuiona tarehe? Tarehe ilikuwa 06/01/2000. Hilo nalo lilikuwa kosa langu, na nitalieleza. Mama mhasibu aliponipigia simu wiki ile kuuliza kwa nini mashine inaandika mwaka 2000, nilimwambia, “Mama, tarehe iacheni, saa ndiyo ya kufuata.” Nilikuwa safarini, sikuwa na nafasi ya kwenda. Basi wakafanya nilivyowaambia.

Kuwaeleza kamati kwamba 02:11 ni saa nane hakukutosha. Mzee mmoja alisema, na alikuwa na haki, kwamba fundi anaweza kumtetea kijana kwa kugeuza maneno. Nilichomoa kadi nikaifungua kwenye kompyuta. Mbali na matukio, kifaa kilikuwa kinaandika nyuzi joto kila dakika kumi, mistari ambayo mama mhasibu hakuichapa kwa sababu niliwahi kumwambia ile ni ya kwangu. Tukaisoma pamoja, mstari kwa mstari. Saa 18:50 maziwa ya jioni yalianza kumiminwa, joto likapanda kutoka 4.3 hadi 15. Saa 20:10, yaani saa mbili na dakika kumi usiku, lilikuwa 8.6. Saa 20:20 likawa 8.1. Likaendelea kushuka hadi 4.4 ilipofika saa 22:00. Nikamuuliza mzee, “Kama umeme ulikatika saa mbili usiku, kitu gani kiliendelea kupoza?” Akakaa kimya, akaomba arudishiwe miwani, akaisoma tena mwenyewe. Kisha akamwita kijana aketi.

Fundi wa majokofu alikuja kesho yake akakuta mota ya kukoroga imeungua. Maziwa ya chini yalipoa vizuri na kihisi changu kikafurahi, ya juu yakabaki vuguvugu usiku kucha. Kihisi kimoja chini ya tangi nacho ni somo, lakini leo nasema habari ya saa.

Sasa ile tarehe. Ndani ya STM32F103 saa haina kalenda. Kilichopo ni kaunta, yaani kihesabio, ya biti 32 (tarakimu 32 za sifuri na moja), inayoongeza moja kila sekunde. Ina mguu wake wa kujilisha, VBAT, unaounganishwa na betri bapa ya CR2032, kwa hiyo bodi yote ikizimwa kaunta huendelea. Mimi niliifunga betri hiyo, nikajaribu kuzima na kuwasha, saa ikabaki sahihi, nikaridhika. Sikuangalia tarehe. Maktaba ya mtengenezaji niliyoitumia, yaani msimbo ulioandikwa tayari, huhifadhi masaa tu kwenye kaunta, na tarehe huiweka kwenye kumbukumbu ya kawaida, inayofutika chipu ikizimika. Kifaa kikiwaka upya, masaa yanaendelea kama kawaida na tarehe inaanza tarehe 1 Januari 2000. Siku chache kabla ya mkasa, betri ya volti 12 ilikwisha katika katizo refu la umeme, kifaa kikazimika, na kilipoamka kilijua ni saa ngapi lakini hakikujua ni siku gani. Jaribio langu la mezani lilikuwa nusu jaribio.

Dawa yake ni kuacha kuigawa kaunta. Niliondoa sehemu ile ya maktaba nikaiacha kaunta ihesabu sekunde mfululizo tangu tarehe 1 Januari 1970, kama kompyuta nyingi zinavyofanya, na tarehe nikawa naikokotoa wakati wa kuandika tu. Biti 32 zisizo na alama ya hasi zinatosha hadi mwaka 2106. Ukitumia namba yenye alama ya hasi unaishia Januari 2038, kwa hiyo angalia umeandika aina gani ya namba kwenye programu yako.

Lakini kuandika msimbo wangu mwenyewe kulinifundisha jambo ambalo maktaba ilikuwa inanilinda nalo bila mimi kujua. Wiki ya tatu nilikuta mstari mmoja katikati ya mistari iliyonyooka, umeruka mbele saa 18, dakika 12 na sekunde kama 16. Mstari uliofuata ukarudi sawa. Nilihangaika siku mbili nikidhani kadi imeharibika. Mwishowe nikageuza ule mruko kuwa sekunde: 65,536. Hapo nikajua. Kaunta ile ya biti 32 husomwa kwa vipande viwili vya biti 16, cha juu na cha chini. Nilisoma cha chini kwanza, kikiwa kimejaa, 65,535. Kabla sijasoma cha juu, sekunde ikageuka: cha chini kikarudi sifuri, cha juu kikaongezeka moja. Nikaunganisha cha chini cha zamani na cha juu kipya, na saa ikaruka. Mwanya huo hufunguka mara moja katika kila saa 18 na kitu, tena kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo unaweza kujaribu kifaa mezani mwezi mzima usiuone. Njia ya kuuziba ni kusoma cha juu, kisha cha chini, kisha cha juu tena. Vile viwili vya juu vikitofautiana, unasoma upya.

Wanaotumia STM32 za kizazi cha baadaye, kama F4, wao wana kalenda ndani ya chipu, na mtego wao ni mwingine: ukisoma masaa, tarehe inafungwa mpaka uisome nayo. Ukisoma masaa peke yake, saa itaonekana imesimama. Soma masaa kwanza, kisha tarehe, kila mara, hata kama tarehe huihitaji.

Mwendo wa saa nao una visa vyake. Kristali ya saa hutetema mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo imechaguliwa kwa sababu ukiigawa kwa mbili mara 15 unabaki na pigo moja. Kristali za aina hii zimekatwa ili zitulie kwenye nyuzi kama 25, na joto likizidi au likipungua hapo zote huchelewa. Chumba cha tangi kina bati juu na mashine inayotoa joto chini. Juu ya hayo, kwenye bodi ile ya buluu nyaya za kristali zimeendelezwa mpaka kwenye pini za pembeni, jambo ambalo halisaidii. Saa yangu ilichelewa sekunde 4 kwa siku. Ukiisikia ni kidogo, lakini kwa miezi mitatu ni dakika sita, na mtu anaweza kuulizwa maswali mazito kwa dakika sita.

Chipu ina rejista, yaani kisanduku kidogo cha namba ndani yake, ya kurekebisha mwendo, ila inakubali kupunguza kasi tu, haiongezi. Niliyokuwa nayo mimi ilikuwa inachelewa. Kwa hiyo nilibadilisha kwanza kigawanyo, yaani idadi ya mitetemo inayohesabiwa kuwa sekunde moja, kutoka 32,768 kuwa 32,766, mwendo ukaongezeka kwa sehemu 61 katika milioni, kisha nikaipunguza kwa rejista ile hatua 15 mpaka ikakaa. Nilipima kwa simu, asubuhi na jioni, wiki mbili, nikiandika tofauti kwenye karatasi. Ikatulia kwa joto la chumba kile. Kwa chumba kingine ningeanza upya, na ndiyo maana vifaa vilivyofuata niliviwekea DS3231 pembeni, chipu yenye kristali ndani na kipimo chake cha joto cha kujirekebisha. Mtengenezaji anaahidi kosa lisilozidi sehemu 2 katika milioni kati ya nyuzi 0 na 40, yaani kama dakika moja kwa mwaka. Kama unanunua moduli yake ya buluu yenye nafasi ya betri nyuma, angalia kama ina njia ya kuchaji betri. Nyingi zinayo, na CR2032 haichajiwi. Mimi huing'oa diodi ile kabla ya kuweka betri. Nimeona betri iliyovimba, sitaki kuiona kwenye chumba cha watu.

Wakati wa kuchukua saa nao niliukosea mwanzoni. Programu yangu ilikuwa inaona tukio, inafungua faili kwenye kadi, halafu ndipo inasoma saa na kuandika. Kadi ikichelewa, tukio linachelewa. Sasa saa inasomwa ndani ya intarapti, yaani ishara inayokatiza programu, papo hapo umeme unapokata, inawekwa kwenye foleni pamoja na namba ya mfuatano, na kuandika kunafuata baadaye. Namba ya mfuatano inasaidia matukio mawili yakiangukia sekunde moja, na zaidi inaonyesha kama kuna mstari umefutwa. Umeme wetu haukatiki mara moja ukatulia, hucheza kwanza, kwa hiyo hali mpya lazima ibaki sekunde mbili nzima ndipo iandikwe, ila muhuri wa saa unaowekwa ni wa pale ilipoanza. Kabla ya hapo usiku mmoja wa mvua ulikuwa unanipa mistari arobaini.

Niliongeza pia optokapla ya pili upande wa jenereta. Kosa la kwanza kabisa, nikilitazama leo, lilikuwa hilo: mashine ilishuhudia umeme ukikatika lakini haikushuhudia kijana akiamka. Iliandika tatizo na haikuandika kazi ya mtu aliyelitatua, ikaacha neno lake liwe dhidi ya karatasi.

Kisha tukaja kwenye kusoma. Kubadilisha saa kuwa ya Kiswahili ni mstari mmoja wa msimbo: ongeza 6, kisha toa 12 mpaka ibaki kati ya 1 na 12. Ugumu ulikuwa kwenye neno linalofuata. Nilipeleka swali kwa kamati: alfajiri inaanza saa ngapi? Mwenyekiti akasema saa kumi na moja, baada ya adhana. Mama mmoja mfugaji akamkatiza kwa adabu, “Samahani mzee, saa kumi sisi tuko zizini na ndoo. Kwetu hiyo ni alfajiri tayari.” Wakajadiliana robo saa nzima, kwa uzito uliostahili, na wakapitisha saa kumi. Siku nayo ikaandikwa kama inavyosemwa, kwa sababu tarehe ya mashine hugeuka saa sita usiku na hapo kila mtu hubabaika usiku upi unazungumzwa. Mstari ule ule wa mkasa leo ungesomeka: “Usiku wa kuamkia Alhamisi, saa 8:11 usiku, umeme umekatika,” na mwisho wake, kwa herufi ndogo, 02:11 pamoja na tarehe, kwa ajili ya kompyuta.

Jambo nililolitia mwisho ndilo ninalolithamini kuliko yote. Chipu ile ina rejista chache zinazolishwa na betri ya saa. Ninaposeti saa, naandika humo namba moja ya siri. Kifaa kikiwaka hutafuta namba ile kwanza. Ikiwapo, betri haijawahi kuisha na saa ni ya kuaminika. Isipokuwapo, kaunta inaweza kuonyesha chochote, na kifaa hakiruhusiwi kuandika saa yoyote: kinaandika SAA HAIJULIKANI, na dakika tangu kiwake. Mtu akiseti saa upya, hilo lenyewe ni tukio, linaandikwa na saa ya zamani na mpya, na mistari iliyotangulia haiguswi. Nilikataa kabisa ombi la kuweka saa ya kukisia ili karatasi ionekane imejaa. Kuna mtu upande wa pili wa ile karatasi.

Kijana alirudishwa kazini wiki ile ile na akalipwa siku zake. Nilimwomba radhi mbele ya kamati, maana mbele ya kamati ndipo alipovunjiwa heshima. Alinipa mkono, akaniuliza kama anaweza kuendelea na daftari lake hata mashine ikiwa imerekebishwa. Nikamwambia aendelee.

Mwaka uliofuata nilipita pale kubadilisha betri ya saa. Ilikuwa imeshuka chini ya volti 1.8, naamini ilikuwa ya bandia. Nikachapa mistari ya wiki ile. Usiku mmoja kifaa kilikuwa kimezimika na kuwaka, na namba ya siri haikuwapo tena. Palikuwa na mistari mitatu ya SAA HAIJULIKANI. Nilifungua daftari la zamu nikatafuta usiku ule. Kijana alikuwa ameichapa ile mistari mwenyewe, ameikata kwa mkasi na kuibandika kwenye ukurasa, na mbele ya kila mmoja ameandika kwa kalamu ya buluu: saa 9:40 usiku kwa simu yangu, saa 9:52 kwa simu yangu, saa 10:05 alfajiri.